Mbio za Mita 800 za Wanawake

Katika mwezi wa Julai mwaka 2017, wavulana na wasichana kutoka pande nyingi za ulimwengu walikutana katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, kushindania ubingwa wa riadha wa vijana walio chini ya umri wa miaka 18. Katika mbio za mita 800 za wasichana, yaani kuuzunguka uwanja mara mbili, Wakenya walitwaa nafasi ya kwanza na ya pili. Siku hizi ni nani angeuliza kama wasichana waweza kukimbia mwendo huo? Lakini swali hilo liliwahi kuulizwa, na jawabu lililotolewa lilikuwa la dhuluma.

Wanawake waliruhusiwa kushiriki riadha ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1928, mjini Amsterdam katika nchi ya Uholanzi. Walipewa mashindano matano tu, na mbio ndefu kupita zote zilikuwa hizo za mita 800. Tarehe 2 Agosti wanawake tisa walisimama mstarini kwa mbio za mwisho. Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, akaweka rekodi mpya ya dunia. Kinue Hitomi alimfuata, akawa mwanamke wa kwanza wa Japani kupata medali ya Olimpiki. Mbio zilipokwisha, baadhi yao walijitupa chini kwa uchovu, kama wafanyavyo wanaume wengi hata leo.

Magazeti yakalikuza jambo hilo. Mwandishi mmoja wa Marekani alisimulia kwamba wakimbiaji walikuwa 11, na kwamba watano kati yao walishindwa njiani. Kumbe kumbukumbu za mashindano zaonyesha kuwa walioanza walikuwa tisa, na wote tisa walimaliza. Lakini wakubwa wa riadha, ambao wengi wao tangu hapo hawakupenda kuwaona wanawake uwanjani, walizishika habari zile kama ushahidi, wakazifuta mbio hizo. Mwaka 1932, huko Los Angeles, mwanamke hakuruhusiwa kushindana katika mbio zinazopita mita 100.

Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Lakini njia ya uongo huu ilikuwa ya miaka 32. Mbio za mita 800 za wanawake zilirudishwa katika Olimpiki mwaka 1960, mjini Roma. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka 16 mwaka 1928 alikuwa sasa mama wa miaka 48. Miguu yake ingemfikisha wapi, hapana ajuaye.

Mlango ulipofunguliwa, mabinti wa Kenya nao waliingia. Mwaka 1986, mjini Athens, Selina Chirchir alishinda mita 800 katika mashindano ya kwanza ya dunia ya vijana walio chini ya miaka 20. Mwaka 2008, mjini Beijing, Pamela Jelimo, mwenye umri wa miaka 18, alishinda mbio hizo kwa dakika 1 na sekunde 54.87, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya Olimpiki.

Basi msomaji, ukisikia ikinenwa kwamba watu fulani hawawezi jambo fulani, uliza kwanza: ni nani aliyewahesabu, na je, alihesabu sawasawa?