Gari Lililobaki na Rangi Yake ya Kwanza

Mwishoni mwa Septemba 2013, maelfu ya watu walifurika kwenye shamba moja karibu na mji mdogo wa Pierce, jimbo la Nebraska, Marekani, kugombea magari yaliyojaa vumbi. Yalikuwa karibu 500, mali ya duka la Chevrolet la Lambrecht, lililofungwa mwaka 1996 baada ya nusu karne ya biashara. Mwenye duka alikuwa na desturi yake: gari jipya lisipopata mnunuzi hadi mwaka ukaisha, aliliweka kando badala ya kuliuza kwa hasara. Mengine yaliingizwa ghalani, mengine yakaachwa shambani mpaka miti ikaota katikati yao. Pikapu moja ya Chevrolet Cameo ya mwaka 1958 ilikuwa imetembea maili 1.3, yaani kilomita 2 na kidogo tu. Ilinunuliwa kwa dola 140,000, na vumbi lake juu.

Habari kama hiyo inasikika ngeni hapa Bunia, Ituri, kaskazini-mashariki ya Kongo. Katika magereji ya Bigo na kartie nyingine za mji, mutuka husifiwa kwa kazi inayofanya. Land Cruiser iliyobadilishwa injini, ikawekewa giaboksi la gari jingine, ikachomelewa chasisi na kupakwa rangi mpya, kisha ikapanda na mzigo kuelekea Mahagi bila kukwama, hiyo ndiyo heshima ya fundi. Ni heshima ya haki. Bila ufundi huo Ituri isingekula wala kufanya biashara. Lakini kuna ufundi wa pili, mchanga kuliko huo, unaotaka fundi azuie mkono wake. Umekua kwa shida hata katika nchi tajiri, na naamini unatuhusu kuliko tunavyodhani.

Magari yaliyoufanya ufundi huo ujulikane zaidi ni yale ya Kimarekani ya miaka ya 1960, yenye bodi ya kawaida na injini kubwa kupita kiasi. Wengi huanza kuhesabu na Pontiac GTO ya mwaka 1964. Kampuni ya General Motors ilikuwa imeweka kikomo cha ukubwa wa injini kwa magari yake ya wastani. John DeLorean na wenzake pale Pontiac wakaupita ukuta huo kwa mlango wa nyuma: injini ya V8 ya karibu lita 6.4 ikaingizwa kwenye gari la Tempest kama nyongeza ya hiari, si kama gari jipya. Mwaka huo wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 32,000. Ford, Dodge, Plymouth na Chevrolet wakaingia mbio hizo hizo. Kufikia mwaka 1971 kanuni za moshi na gharama za bima zilikuwa zimeanza kuzipunguzia nguvu injini hizo, na msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973 ukafunga ukurasa.

Magari hayo yalinunuliwa na vijana, nao vijana hawakuwa na subira. Yalikimbizwa, yakagongwa, yakabadilishwa injini na matairi, yakauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Thamani yake ilipopanda miaka ya baadaye, waliokuwa nayo wakakimbilia kuyafanya mapya: yalivuliwa hadi chuma kitupu, yakapakwa rangi inayong'aa kuliko iliyotoka kiwandani, yakashonewa viti vipya. Maonyesho yalitoa zawadi kwa gari linalometameta zaidi. Ilichukua muda watu kugundua kwamba katika kung'arisha huko, ushahidi ulikuwa unafutwa. Alama za chaki ambazo wafanyakazi wa kiwanda waliandika kwenye chasisi, matone ya rangi pale mpakaji alipoharakisha, karatasi iliyosahaulika chini ya kiti, namba zilizogongwa kwenye injini zikalingana na za bodi, vyote ni kumbukumbu ya jinsi gari lilivyoundwa siku ile. Fundi hodari anaweza kuiga karibu kila kitu katika gari, ila miaka iliyopita juu yake haiigiki.

Mabadiliko ya fikra yalianza miongoni mwa wapenzi wa Chevrolet Corvette. Maonyesho yao makubwa ya Bloomington Gold yalifungua tuzo ya pekee kwa magari ambayo hayajawahi kufanyiwa ukarabati mkubwa. Huko Philadelphia, daktari wa upasuaji wa ubongo Fred Simeone, aliyefariki mwaka 2022, alijenga jumba la makumbusho la magari ya mbio na kutetea kwa maandishi kwamba mwenye gari la kihistoria ni mtunzaji wa muda tu. Humo limo gari la Shelby Cobra Daytona Coupe ambalo halikufanywa jipya. Mwaka 2014 likawa gari la kwanza kuingizwa katika rejesta ya taifa ya magari ya kihistoria ya Marekani. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2010, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilikuwa limeshapitisha Mkataba wa Turin. Unafuata mfano wa Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 unaohusu majengo ya kale, na unatanguliza kulinda kilichopo. Kukifanya upya kunakuja mwishoni kabisa.

Aliyetaka kujua kama soko nalo limekubali, alipata jibu Januari 2020. Ford Mustang ya kijani iliyoendeshwa katika filamu ya *Bullitt* ya mwaka 1968, yenye mwigizaji Steve McQueen, iliuzwa kwa mnada kwa dola milioni 3.74 pamoja na ada. Familia iliyoiuza ilikuwa imeinunua mwaka 1974 kwa dola 6,000. Mama wa nyumba ile aliiendesha kwenda kazini. McQueen mwenyewe aliwaandikia barua mwaka 1977 akiomba arudishiwe gari hilo, wakakataa. Walipolitoa hadharani lilikuwa limepauka, lina kutu na mikwaruzo, na matundu yaliyotobolewa ili kufunga kamera za filamu yangalipo. Mpakaji rangi mmoja, kwa nia njema kabisa, angeweza kuyaondoa hayo yote kwa wiki chache.

Sasa turudi kwetu. Historia ya magari kaskazini-mashariki ya Kongo ni ndefu na nzito. Dhahabu iligunduliwa upande wa Kilo mwaka 1903, na migodi ya Kilo-Moto ilihitaji barabara za kufika mtoni na ziwani. Mwaka 1924 ikaundwa kampuni ya Vicicongo, iliyoendesha reli nyembamba na malori hadi pembe hizi. Mwaka huohuo, tarehe 28 Oktoba, msafara wa Citroën ulioongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil uliondoka Colomb-Béchar, Algeria, na magari 8 yenye mikanda ya mpira badala ya magurudumu ya nyuma. Mikanda hiyo ilibuniwa na Adolphe Kégresse, aliyekuwa fundi wa gereji ya mfalme Nicholas wa Pili wa Urusi. Msafara ulivuka jangwa, ukafika Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, ukakata kaskazini-mashariki ya Kongo hadi Kampala. Hapo ukagawanyika makundi manne, moja likielekea Mombasa, jingine Dar es Salaam, mengine kusini zaidi, na Juni 1925 Haardt akafika Antananarivo.

Citroën haikuyatupa yote. Gari la Scarabée d'Or, lililoongoza msafara wa kwanza wa kuvuka Sahara kutoka Touggourt hadi Timbuktu kati ya Desemba 1922 na Januari 1923, limehifadhiwa Ufaransa. Karne moja ilipokaribia kutimia, wahifadhi walitaka gari hilo litembee tena. Hapo ndipo naona busara kubwa kuliko mahali pengine popote katika habari hizi. Badala ya kufungua injini ya zamani na kubadilisha vipande vyake, walilipima gari lote kwa vyombo vya kisasa, na wanafunzi wa ufundi wakashirikiana na wazoefu kuunda jingine linalofanana nalo. La pili ndilo linalotembea na kuchakaa. La kwanza limeachwa na mikwaruzo yake.

Upande wetu wa Afrika Mashariki kuna mfano mwingine, wenye injini na mbio za kutosha kwa yeyote anayependa magari ya nguvu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wamarekani walijaribu bahati mwaka 1964 wakileta magari ya Mercury Comet yenye V8, yaliyoandaliwa California na Bill Stroppe. Matope na mashimo yakayashinda: mawili tu ndiyo yalifika mwisho, mbali nyuma ya Ford Cortina ya Peter Hughes iliyoshinda. Wajapani walijifunza polepole. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z, na nafasi ya pili akaichukua Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye katika 240Z. Gari la Herrmann lilirudishwa Japani. Wafanyakazi wa Nissan wanaojitolea kufufua magari ya kale waliifanya injini yake iwake tena mwaka 2013, lakini bodi iliachwa na makovu iliyoyapata katika barabara za Afrika. Anayeliona leo huko Zama, Japani, anaiona Safari yenyewe ilivyopiga.

Dar es Salaam nako, katika Makumbusho ya Taifa, imo Rolls-Royce iliyotumiwa na magavana wa Kiingereza kisha na Julius Nyerere. Bunia hatuna kitu cha aina hiyo, na sababu zake zinafahamika. Tangazo la Mobutu la tarehe 30 Novemba 1973 lilinyang'anya maduka na kampuni za wageni, pamoja na Wagiriki waliokuwa wameshika biashara ya Ituri, na baada yake vipuri vikawa haba. Malori yakaanza kulana: moja linachinjwa ili matatu yatembee. Kisha ikaja vita. Mei 2003 mji huu ulipiganiwa mtaa kwa mtaa, nyumba na maghala yakaporwa, watu wakakimbia na walichoweza kubeba. Katika hali hiyo nani angefikiria kuficha gari lisilobeba kitu?

Hata hivyo hayajaisha yote. Bado kuna familia zenye Peugeot, Land Rover au lori la babu limesimama uani, na kila mwaka linapita lori la chuma chakavu likinunua kwa kilo. Mwenye nalo asidhani kwamba kilomita chache pekee zinalitunza. Gari lililosimama huumia kwa namna yake. Petroli ya zamani hugeuka ulimbo ndani ya kabureta. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa na kula silinda kwa ndani. Mipira ya kuzuia mafuta hukauka na kupasuka, matairi huwa magumu mahali palepale yalipokalia, panya hutafuna nyaya. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Mchana jua, usiku baridi, na umande hujikusanya ndani ya chuma kilichofunikwa kwa turubai la nailoni lisilopitisha hewa. Kivuli chenye upepo ni bora kuliko turubai hilo.

Vumbi letu jekundu nalo ni la kuheshimiwa. Lina chembe ngumu, na mtu akilipangusa kikavu kwa kitambaa anakwangua rangi. Limwagiwe kwanza maji mengi bila presha kubwa, ndipo liguswe kwa kitambaa laini. Dawa za kung'arisha zikae mbali: rangi za miaka ya 1960 ni nyembamba, na mikono michache ya bidii inafika kwenye rangi ya chini. Kutu iliyokwisha kuingia isimamishwe kwa mafuta mepesi, isisagwe kwa mashine. Piesi ikilazimika kutolewa, ya zamani isitupwe. Ifungwe kwa karatasi, iandikwe ilikotoka na tarehe, iwekwe ndani ya gari hilohilo. Na kabla ya mkono wowote kufanya kazi, zipigwe picha namba za chasisi na za injini, kibao cha muuzaji, stika ya bima ya zamani kwenye kioo, maandishi ya mlango yanayotaja kampuni au misheni iliyolimiliki. Picha hizo zikae pamoja na karatasi za umiliki, na wazee waliolipanda wakingali hai waulizwe lilikuwa likibeba nini na kwa njia ipi.