Mfuko wa kulalia

Mfuko wa kulalia ni tandiko la kambini lililoshonwa kama gunia lenye zipu. Hauzalishi joto, huhifadhi tu lile la mwili, kwa hewa iliyonaswa ndani ya ujazo wake. Mji wa Eldoret, Kenya, uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na atokaye huko kwenda milima ya Cherangani au Mlima Elgon (mita 4,321) hukuta hewa imepoa kwa kama nyuzijoto 6 kwa kila mita 1,000 anazopanda. Basi asome kipimo cha joto la starehe kwenye lebo ya mfuko, kwani kile cha chini kabisa ni cha kunusurika, si cha kulala. Kuhusu ujazo, watetezi wa manyoya laini ya bata bukini husema ni mepesi na kwa uzito uleule huhifadhi joto zaidi. Ni kweli, na katika kiangazi cha Desemba hadi Februari hoja hiyo ina nguvu. Lakini milima hii ina mvua na ukungu: manyoya yakilowa hugandamana, hewa ikatoka, mfuko ukalala bapa, ilhali ujazo wa poliesta uliolowa hubaki umetuna kiasi. Ndiyo maana poliesta inafaa zaidi hapa. Hata hivyo, upande wa chini mwili hubana ujazo wowote, kwa hiyo godoro jembamba la sponji ni la lazima, hata kwa mfuko wa bei kubwa.