Hasara ya dola 2,531

Nimewahi kukaa kwenye vyama vilivyoanza kwa kugombania posho. Chama cha makocha wa mpira wa kikapu cha Marekani, NABC, kilianza kwa hasira. Mwaka 1927 kamati ya sheria iliamua mchezaji audunde mpira mara moja tu, basi. Phog Allen, kocha wa Kansas, akawakusanya wenzake Des Moines, Iowa. Wakaunda chama, na sheria ile ikafutwa. Kila chenga tunayoishangilia leo ina deni kwao.

Mwaka 1939 makocha haohao ndio walioandaa mashindano ya kwanza ya vyuo vikuu chini ya jina la NCAA. Harold Olsen wa Ohio State, aliyelipigania sana wazo hilo, aliifikisha timu yake fainali, ikachapwa na Oregon 46 kwa 33. Hesabu zilipopigwa, chama kilikuwa kimepata hasara ya dola 2,531. NCAA ikabeba deni, ikayachukua mashindano, ambayo sasa huingiza mamia ya mamilioni ya dola kila mwaka.

Ningekuwa mweka hazina wao, usiku ule ningelala usingizi mzuri.