Gari Lijitialo Gia

Msomaji, ukisimama Kombani, kwenye njia panda ya kwendea Kwale, ukayasikiliza magari yapandayo mlimani, utatambua upesi lipi lina dereva abadilishaye gia kwa mkono na lipi hujibadilishia lenyewe. La kwanza hunguruma, hunyamaza kidogo, kisha hunguruma tena. La pili hupanda taratibu, nguvu ikifuatana bila kukatika. Hilo la pili ndilo nitakalo kukusimulia, kwa maana historia yake imefika hata mlangoni petu, nami imenifunza jambo.

Karibu magari yote ya zamani yalitaka mguu wa dereva kwenye klachi na mkono wake kwenye gia. Mwaka 1905 Mjerumani Hermann Föttinger alipata hataza ya chombo cha kupeleka nguvu kwa maji badala ya meno ya chuma, nia yake ikiwa ni kuendeshea meli. Fikiri feni mbili zielekeanazo: ukiiwasha moja, upepo wake huizungusha ya pili, ijapokuwa hiyo haikuunganishwa na umeme. Ndivyo kilivyo chombo hicho. Katika magari, mahali pa upepo pana mafuta. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ikatangaza giaboksi iitwayo Hydra-Matic, kwa magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Giaboksi hiyo ilitiwa hata katika vifaru vya Vita vya Pili vya Dunia.

Kwetu sisi, katika miaka ya 1950 na 1960, magari yaliyosifika kama Land Rover na Peugeot 404 yalikuwa mengi ya gia za mkono. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1990, masharti ya biashara yalipolegezwa, na magari yaliyotumika Japani yakamiminika bandarini Mombasa. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na wengi wao hupenda gari lijitialo gia. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Lakini likiisha kuingia huendelea kuzeeka mikononi mwetu, kutoka mwenyewe huyu hata yule, tangu Likoni mpaka Lunga Lunga.

Sasa sikiliza jinsi linavyougua. Ndani ya giaboksi mna sahani za klachi zibanwazo kwa nguvu ya mafuta. Mafuta yakipungua au yakichakaa, sahani huteleza; zikiteleza hupata moto; na moto huzidi kuyaharibu mafuta. Mafuta mazima mara nyingi huwa mekundu na maangavu. Yaliyoharibika huwa meusi, yenye harufu ya kuungua. Dereva hutia gia, gari likangoja kwanza ndipo liende. Au injini ikavuma na magurudumu yasiifuate. Mchanga wa Diani, ambamo magurudumu huzunguka bure, na mlima wa Kwale upandwao kwa mzigo mzito, huyaharakisha maradhi hayo. Pengine kosa ni la kifaa kidogo cha umeme tu. Kwa hiyo yafaa fundi apime kabla ya kufungua.

Mimi niliziona dalili hizo mwezi mzima, nikasema, "Nitalipeleka mwisho wa mwezi." Jioni moja nalikuwa nikimrudisha mamangu kutoka hospitali ya Msambweni. Tulipoipita Kombani na kuanza kupanda, injini ikavuma, gari likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki, nikavuta na ya mkono. Mama hakusema neno. Aliushika tu mkoba wake wa dawa. Tulikaa kando ya barabara gizani mpaka matatu ikatuchukua.

Fundi alifungua giaboksi akanionyesha sahani zilizoungua. "Hizi, mwalimu, mafuta mapya hayaziponyi," akasema. Rafiki yangu mmoja akaninong'oneza nitie mafuta mapya hata hivyo, gari lijikongoje siku mbili tatu, niliuze upesi Ukunda. Sikufichi, msomaji, shauri hilo lilinivutia, kwa maana bei ya giaboksi nyingine ilizidi mshahara wangu. Lakini kila nilipomfikiri mnunuzi, nilimwona akipanda mlima ule usiku, na mamake kando yake. Basi nililiuza kwa fundi mwenyewe aliyeujua ubovu wake, kwa bei iliyoniuma, nami hivi leo naabiri matatu.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahandisi wameuondolea mkono na mguu wa dereva kazi kubwa. Kazi ya masikio yake hawakuiondoa. Ukipata gari siku moja, lisikilize mapema. Na ukiliuza, mwambie mnunuzi ulichosikia.