Pesa za wazee: msaada au stahiki?

Msomaji wa Isiolo ananiuliza iwapo shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, ambazo wengi huziita ‘pesa za wazee’, ni msaada au ni haki. Swali hili ni la kale kuliko mpango wenyewe, hasa huko kwao. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, askari wa Kisomali waliopigania Uingereza walipewa nafasi ya kukaa na kulisha mifugo Isiolo. Je, ile ilikuwa hisani au ujira? Hisani huondolewa siku mtoaji akighairi. Ujira, aliyeutolea jasho anaweza kuudai hata mahakamani.

Mkoloni alilijua hilo vyema. Sheria ya Pensheni tuliyoirithi kwake, Sura ya 189, ilitamka katika kifungu cha 5 kuwa hakuna ofisa aliye na haki kamili ya kudai pensheni au kiinua mgongo. Yaani utumike miaka 30, kisha ungoje kukumbukwa!

Na hebu tukitazame hicho ‘kiinua mgongo’. Ni neno tamu, nami nalipenda: mtu ameinama akifanya kazi, sasa ananyooshwa. Lakini kwa matumizi yake ya asili ni jirani wa bahashishi, neno la Kiajemi, ambayo hutolewa kwa ukarimu wa mwenye mfuko. ‘Marupurupu’ ndiyo mabaya zaidi, maana yananuka ziada. Watanzania wana ‘mafao’, kutokana na kufaa. Neno zuri, ila halisemi nani anadaiwa.

‘Stahiki’ linasema. Limetoka kwenye mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa ‘haki’. Mwenye kustahiki hapewi, analipwa. Mfanyakazi anayekatwa NSSF, au asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii tangu Oktoba 2024, atakuwaje wa kusaidiwa kwa pesa zake mwenyewe?

Mtaniambia, sawa, huyo alichangia; mchungaji wa Merti au Garbatulla ambaye hakuwahi kuajiriwa je? Hapa ndipo watu hukwama, eti asiyechanga hadai. Lakini Katiba ya 2010, Ibara ya 43, haikuuliza risiti: inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii na ya huduma bora za afya iwezekanavyo, na inaitaka serikali kumhifadhi asiyeweza kujikimu. Basi tangu 2018, mzee wa miaka 70 asiye na pensheni ya serikali alipofunguliwa mlango wa Inua Jamii, alichoingia kuchukua ni stahiki.

Mbona basi jina la mpango halisemi hivyo? ‘Inua Jamii’, ‘Linda Mama’: zote ni sentensi za kuamrisha, na mwenye kuinua yuko nje ya jamii inayoinuliwa. Kisarufi mzee ni shamirisho tu, hatendi, anatendewa.

Wengine wataona haya ni mambo ya walimu wa sarufi. Ngojeni malipo yachelewe miezi miwili mitatu, kama yalivyowahi kuchelewa mara nyingi. Aliyefundishwa kuwa ni msaada atanyamaza, asije akaonekana hana shukrani. Anayejua ni stahiki ataenda kwa chifu na kuuliza malimbikizo yake yako wapi.