Maji ya mgongo yaliyoamua nani adungwe sumu

Ukisikia daktari anataka kumchoma mgonjwa sindano mgongoni atoe maji, usidhani ni mambo ya juzi. Mjerumani Heinrich Quincke alifanya hivyo Kiel mwaka 1891, na alipima mpaka protini zilizomo. Miaka 11 baadaye sindano hiyo ilikuwa imefika Entebbe.

Wakati huo malale yalikuwa yakiteketeza watu wa Uganda kandokando ya Ziwa Victoria. Mpaka yanatulia, zaidi ya laki mbili walikuwa wamekufa. Mwaka 1902 Mwitaliano Aldo Castellani aliyatazama maji ya mgonjwa kwa darubini, akaona vimelea. Yeye alidhani chanzo ni bakteria. David Bruce alipofika mwaka 1903, akavifuatilia vimelea vile. Baadaye wakabishana magazetini nani apewe sifa.

Mimi ugomvi huo haunishughulishi. Kubwa zaidi ni hili: vimelea vinaweza kuwa vichache hata darubini isivione. Je, utajuaje kama vimeingia kwenye ubongo?

Hebu fikiria. Lita moja ya ule umajimaji wa damu ina protini gramu 70 hivi. Maji ya uti wa mgongo wa mtu mwenye afya hayafikishi hata nusu gramu, maana ubongo una ukuta wake. Protini zikipanda, hasa kingamwili za IgM, na chembe nyeupe zikiongezeka, basi kuna vita ndani.

Na ilikuwa lazima kujua. Melarsoprol, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1949 kwa malale yaliyofika kwenye ubongo, ina aseniki. Iliua takriban mgonjwa 1 kati ya 20. Ukimdunga asiyeihitaji, huenda umemuua bure. Ukimnyima anayeihitaji, malale yatammaliza. Matone machache ndiyo yaliyoamua.

Mwaka 2018 vikaja vidonge vya feksinidazoli, vya kumeza siku 10. Wagonjwa wengi wa malale ya Kongo sasa hawachomwi tena mgongoni.

Maji yale yale leo hupimwa protini za amiloidi na tau ili kutambua ugonjwa wa Alzheimer. Tukisoma habari hizo za wazee wa Ulaya na Marekani, tuwakumbuke na wagonjwa wa Entebbe. Migongo yao ilitangulia.