Kayongo: Gugu linalofaa kuchorewa ramani kabla halijachanua

MKULIMA anapoona mahindi yake yakinyauka ilhali udongo bado una unyevu wa mvua ya jana, aghalabu hulaumu mbegu, mbolea au hata husuda ya jirani. Katika mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya, adui huwa hajaonekana bado. Amejificha chini ya ardhi, ameng'ang'ania mizizi ya mhindi na anafyonza maji na chakula chake. Atakapochomoza juu na kuchanua maua yake ya zambarau, hasara kubwa itakuwa imekwisha kupatikana.

Gugu hilo ndilo wakulima wa magharibi mwa Kenya wanaloliita kayongo, nao wenzao wa Tanzania huliita kiduha. Wataalamu wa mimea hulitambua kwa jina la Striga hermonthica. Hushambulia mahindi, mtama, wimbi, mpunga na miwa. Maharagwe, soya na njugu karanga hayadhuriki nalo, jambo ambalo ni silaha muhimu kwa mkulima anayelifahamu.

Tongaren kati ya juu na chini

Eneo la Tongaren, katika kaunti ya Bungoma, limekaa baina ya mazingira mawili ya kilimo. Upande wa juu uko Kitale, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Upande wa chini uko mji wa Bungoma, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Sehemu kubwa ya ardhi ya Tongaren ilikuwa mashamba ya walowezi kabla ya kugawanywa kwa Waafrika katika mipango ya makazi ya miaka ya 1960. Tangu hapo, kuanzia Ndalu hadi Naitiri, gunia la mahindi limekuwa chakula, karo ya shule na akiba ya familia.

Ukanda huu ndio uliokuwa mstari wa mbele wakati mahindi chotara yalipoingia nchini. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mbegu ya H611, mojawapo ya chotara za kwanza za Kenya, ilitolewa kwa wakulima kutoka Kitale mwaka 1964.

Makao makuu ya kayongo yamekuwa ukanda wa Ziwa Victoria, kupitia Siaya, Busia na Vihiga, hadi sehemu za chini za Bungoma. Kwa makadirio yanayotumiwa mara nyingi, gugu hili limeenea katika zaidi ya hekta 200,000 za mashamba ya Kenya. Kwa jumla hupungua kadiri ardhi inavyoinuka, kwa kuwa mbegu zake hupenda udongo wenye joto linalokaribia nyuzi 30 za Selsiasi. Baridi ya nyanda za juu basi ni ngao kwa mkulima, lakini ngao si ukuta. Anayelima kati ya juu na chini ana sababu ya kulijua gugu hili kabla halijapiga hodi.

Maisha ya chini kwa chini

Nguvu ya kayongo imo katika mbegu yake. Ni ndogo mno, chini ya nusu milimita, na kwa macho matupu hufanana na vumbi jeusi. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu 50,000 au zaidi, na mbegu hizo huweza kukaa ardhini kwa zaidi ya miaka 10 zikiwa hai. Mkulima anayeacha mimea 10 tu ichanue na kukauka shambani huenda akawa amepanda mbegu nusu milioni za gugu kwa mkono wake mwenyewe.

Mbegu hiyo haioti ovyo. Kwanza hulowa katika udongo wenye joto kwa muda wa wiki moja au mbili. Kisha hungoja ishara. Mizizi ya mahindi hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni, ambazo kazi yake mojawapo ni kuita kuvu rafiki wanaousaidia mmea kupata madini ya fosforasi. Kayongo hudukiza mwaliko huo usioihusu. Huota, hutuma mzizi wake hadi kwenye mzizi wa mhindi na kujipenyeza ndani. Ikikosa mzizi wa kushika baada ya kuota, hufa katika siku chache.

Kutokana na hayo, ardhi iliyochoka huumia zaidi. Mahindi yanaponyimwa fosforasi na naitrojeni hutoa strigolaktoni kwa wingi, na hivyo huamsha mbegu nyingi zaidi za gugu. Shamba lililolimwa mahindi mwaka baada ya mwaka bila samadi wala mzunguko wa mimea huwa limeandaliwa karamu ya kayongo.

Dalili za mwanzo huweza kumchanganya mkulima. Mahindi hudumaa, majani huwa na michirizi ya manjano, na mmea hunyauka kama uliokumbwa na kiangazi. Ugonjwa hatari wa mahindi ulioripotiwa kwa mara ya kwanza Bomet mwaka 2011 nao huyageuza majani kuwa ya manjano, lakini huo huletwa na virusi na hauna gugu lolote pembeni. Ni vyema kung'oa mhindi mmoja taratibu pamoja na udongo wake na kuchunguza mizizi. Machipukizi meupe yaliyoshikamana nayo ni ushahidi wa kayongo.

Mto hushuka, gunia hupanda

Mto Nzoia na vijito vyake huteremka kuelekea Ziwa Victoria, kwa hivyo maji ya mafuriko hayawezi kuibeba mbegu ya kayongo kutoka mashamba ya chini hadi ya juu. Anayeipandisha ni binadamu mwenyewe.

Njia ya kwanza ni mbegu ya kupanda. Mkulima anayenunua mahindi ya chakula sokoni na kuyatumia kama mbegu hajui yalivunwa wapi wala yalianikwa kwenye udongo gani. Njia ya pili ni mifugo. Mbegu za kayongo huweza kupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai, na ng'ombe aliyelishwa mabua kutoka shamba lenye gugu huzileta ndani ya samadi. Ya tatu ni udongo ulioganda kwenye jembe, buti na matairi ya trekta la kukodi linalozunguka kutoka shamba hadi shamba. Ndani ya boma lenyewe, upepo na maji ya mvua hukamilisha kazi.

Ramani ya shamba

Kwa kuwa gugu huingia kupitia njia zinazojulikana, hatua ya kwanza ni kujua lilipo. Ramani ya kayongo haihitaji mitambo. Karatasi moja ya daftari yatosha, ikiwa na nyumba, lango, banda la ng'ombe, mahali pa kupukuchulia mahindi, njia za miguu, mitaro na mipaka ya kila kipande.

Mahindi yaliyopandwa Machi au Aprili hukaguliwa kuanzia wiki ya nane hivi, na ukaguzi hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wakati wa kuvuna. Mkaguzi hupita mstari kwa mstari, huku akianzia langoni, karibu na banda na kando ya njia ambamo trekta huingilia. Kila anapoliona gugu hupiga kigingi, huhesabu mimea iliyopo na kuandika idadi na tarehe kwenye mchoro. Mwenye simu ya kisasa anaweza kuhifadhi mahali hapo kwa setilaiti.

Mchoro wa msimu mmoja huonyesha gugu lilipo. Mchoro wa misimu mitatu huonyesha linakoelekea. Vigingi vikikusanyika karibu na banda, mshukiwa ni samadi. Vikifuata mstari kutoka langoni, mshukiwa ni trekta. Vikitapakaa shambani kote tangu mwaka wa kwanza, huenda mbegu ya kupanda ndiyo iliyoleta balaa. Michoro ya majirani ikiunganishwa na afisa wa kilimo wa wadi, kijiji kizima hupata picha ambayo mkulima mmoja hawezi kuiona.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana mbali na Afrika. Mwaka 1956 jamii nyingine ya gugu hili, Striga asiatica, iligunduliwa katika mashamba ya mahindi ya North Carolina na South Carolina nchini Marekani. Serikali ilikagua mashamba, ikayachora kwenye ramani na kudhibiti usafirishaji wa udongo, mazao na mitambo kutoka maeneo yaliyoathirika. Gesi ya ethilini iliingizwa ardhini ili kuzihadaa mbegu ziote pasipo mahindi na kufa. Eneo lililokuwa zaidi ya ekari 400,000 lilipungua kwa zaidi ya asilimia 99 baada ya miongo kadhaa. Mkulima mdogo wa Bungoma hana gesi hiyo wala fedha zake, lakini kanuni ni ile ile: gugu lisilojulikana lilipo haliwezi kuzuiwa.

Silaha zilizopo

Palipo na mimea michache, dawa ni mkono. Gugu ling'olewe kabla ya kuchanua. Lililokwisha kutoa maua litiwe ndani ya mfuko, kisha lichomwe. Kulitupa kwenye lundo la mboji au kando ya barabara ni kulisafirisha. Kung'oa hakuyaponyi mahindi ya msimu huo, lakini hupunguza mbegu za miaka ijayo, na wengi hukata tamaa kwa kutoielewa tofauti hiyo.

Palipoathirika zaidi, mzunguko wa mimea husaidia. Soya, njugu karanga, alizeti na pamba huziamsha mbegu za kayongo bila kuzipa mzizi wa kunyonya. Samadi iliyooza vizuri na mbolea hupunguza makali ya gugu.

Mbinu iliyopata sifa zaidi ni ya kusukuma na kuvuta, iliyobuniwa katika miaka ya 1990 na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kwa ushirikiano na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza. Desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, na mabingobingo kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa viwavi wanaotoboa mabua, nayo mabingobingo huwavuta. Mizizi ya desmodiamu huzifanya mbegu za kayongo ziote na kuzizuia kuishika mizizi ya mahindi. Aidha mimea yote miwili ni malisho ya ng'ombe wa maziwa. Kikwazo ni kwamba mbegu ya desmodiamu ni ghali na humea polepole, hivyo msimu wa kwanza hudai palizi ya makini.

Mwaka 2005 ilizinduliwa nchini mbegu ya mahindi iliyopewa jina Ua Kayongo, ambayo hufunikwa kwa dawa ya imazapiri inayoliua gugu linapojaribu kushika mzizi. Anayeipanda sharti anawe mikono kabla ya kugusa mbegu ya maharagwe, kwani dawa hiyo huiua. Miaka ya karibuni imeleta pia Kichawi Kill, kuvu anayekuzwa kwenye wali uliopikwa na kuwekwa shimoni pamoja na mbegu ya mahindi ili alishambulie gugu.

Hakuna silaha moja kati ya hizi inayoweza kumaliza akiba ya mbegu ardhini kwa msimu mmoja. Ndiyo maana mkulima ambaye shamba lake bado ni safi ana bahati kuliko wote, mradi asiilalie. Anunue mbegu iliyothibitishwa, adai trekta lioshwe kabla ya kuvuka lango lake, na apite mistarini akiwa na daftari. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kayongo, ufa ni ua moja la zambarau kando ya banda la ng'ombe, na ukuta ni kazi ya zaidi ya miaka 10.